Kusimama Usiku Wakati wa Dhiki: Mwongozo wa Kumwomba Mola kwa Yakini

Mwongozo huu ni wa Muislamu aliyefikwa na dhiki: deni, maradhi, kukosa kazi, ndoa iliyoyumba, kesi isiyokwisha. Unaeleza kazi moja tu: kuamka katika theluthi ya mwisho ya usiku, kuswali, kuomba haja moja kwa yakini, kisha kukicha kuishughulikia haja hiyo kwa mikono yako. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila hatua inamalizika kwa neno "Hakiki". Usiingie hatua inayofuata kabla ya hakiki ya iliyotangulia kukamilika.

Watu wengi hungoja moyo utulie ndipo wasimame kuomba. Hapa mpangilio ni kinyume: unasimama kwanza, moyo ukiwa vyovyote ulivyo. Utulivu ukija ni neema. Usipokuja, swala yako imeswaliwa na dua yako imeombwa. Mwongozo huu haupimi majibu ya Mwenyezi Mungu, kwani hakuna mja mwenye kipimo hicho. Unapima kazi ya mja.

Istilahi

- Dhiki: jambo zito lililokufika, ambalo huwezi kuliondoa kwa uwezo wako peke yako.
- Haja: kitu kimoja unachokiomba kuhusu dhiki hiyo.
- Sababu: kitendo halali unachoweza kukifanya mwenyewe ili haja ipatikane.
- Yakini: kuomba ukiwa na hakika kwamba unayemwomba anasikia na anaweza. Katika mwongozo huu yakini haipimwi kwa hisia. Hupimwa kwa kurudi kuomba tena usiku unaofuata.
- Theluthi ya mwisho: sehemu ya tatu ya usiku, ukiugawa usiku mara tatu kuanzia Magharibi hadi Alfajiri. Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inaeleza kwamba katika sehemu hiyo Mola huwaita wenye kuomba, wenye haja na wenye kutaka maghufira.
- Tahajudi: swala ya sunna ya usiku inayoswaliwa baada ya Isha na baada ya kulala, japo kidogo.
- Witri: swala ya rakaa za idadi isiyogawanyika kwa mbili, inayofunga swala za usiku.

Vifaa

1. Daftari moja na kalamu moja. Daftari liwe la kazi hii tu.
2. Ratiba ya nyakati za swala ya mji unaoishi, si ya mji mwingine.
3. Simu au saa yenye kengele.
4. Maji safi ya kutosha udhu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Kopo la lita moja linatosha kabisa, hata kama mtaa wako maji ni ya kununua kwa dumu.
5. Mswala, au kitambaa chochote kisafi.
6. Mswaki.
7. Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, kwa mfano ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, ili usome aya zilizotajwa humu ukiwa unazielewa.

SEHEMU YA KWANZA: MATAYARISHO YA MCHANA

Hatua ya 1. Andika dhiki yako kwa sentensi moja.

Fungua ukurasa mpya. Andika tarehe juu. Chini yake andika sentensi yenye mambo matatu: ni nini, ni kiasi gani, na ni mpaka lini. "Maisha yamenishinda" haikubaliki, kwa sababu haina hata moja kati ya hayo matatu. Sentensi inayokubalika ni kama hii: "Nadaiwa kodi ya chumba ya miezi mitatu, Sh. 240,000, na mwenye nyumba amenipa mpaka tarehe 30." Kwa ugonjwa, andika hivi: "Mama ana kidonda cha mguu kisichofunga tangu Rajabu, na kliniki yake ni Jumanne."

Ukiwa na dhiki zaidi ya moja, chagua ile yenye muda wa karibu. Nyingine zisubiri kurasa zao.

*Hakiki:* Soma sentensi kwa sauti. Mtu asiyekujua akiisikia, ataelewa tatizo bila kuuliza swali? Kama hataelewa, andika upya.

Hatua ya 2. Gawa ukurasa katika safu mbili.

Piga mstari wa wima katikati. Juu ya safu ya kushoto andika "Langu". Juu ya safu ya kulia andika "La Mola". Kushoto orodhesha sababu ulizo nazo: kumfuata mwenye nyumba kabla hajakufuata, kudai pesa unazodai wengine, kutafuta kibarua cha mwisho wa wiki. Kulia orodhesha yasiyo mikononi mwako: moyo wa mwenye nyumba, wateja kuja au kutokuja, afya, wakati.

Mfano wa mgawanyo huu umo katika Sura Yusuf. Katika aya ya 86 Nabii Yaakub anapeleka huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Katika aya ya 87, inayofuata papo hapo, anawaagiza wanawe watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na anawakataza kukata tamaa. Malalamiko yamekwenda kwa Mola, na miguu imekwenda barabarani. Safu zako mbili ni aya hizo mbili.

*Hakiki:* Kila safu iwe na jambo moja angalau. Safu ya kushoto ikiwa tupu, hujafikiri vya kutosha. Mtu aliyelazwa hospitali naye ana lake: kumeza dawa kwa saa yake. Safu ya kulia ikiwa tupu, unajidanganya kwamba kila kitu kimo mikononi mwako.

Hatua ya 3. Safisha haja na njia yake.

Jibu maswali manne kwa "ndiyo" au "hapana":

a) Je, ninachoomba ni dhambi?
b) Je, kinakata undugu, au kinamtakia mtu shari?
c) Je, chakula ninachokula na nguo ninayoivaa vimetokana na haramu?
d) Je, nimeshika haki ya mtu: mshahara wa msaidizi wa kazi, amana, mali ya yatima?

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya msafiri mwenye nywele timtim na mwili wa vumbi, ananyoosha mikono mbinguni na kuomba, hali ya kuwa chakula chake, kinywaji chake na vazi lake ni haramu. Mtume (S.A.W.) alishangaa: mtu wa namna hiyo atajibiwaje?

Jibu likiwa "ndiyo" katika (a) au (b), rudi Hatua ya 1 ubadilishe haja. Likiwa "ndiyo" katika (c) au (d), anza marekebisho leo: rudisha kitu, au ukikosa cha kurudisha, mfuate mwenye haki, mwombe radhi na mpatane tarehe. Marekebisho yasipomalizika leo usiache kuomba. Toba nayo ni katika unayoyaomba.

*Hakiki:* "Hapana" nne, au "hapana" pamoja na marekebisho yaliyoandikwa tarehe.

Hatua ya 4. Kokotoa theluthi ya mwisho.

Chukua ratiba na utumie saa za Kiswahili:

i. Andika wakati wa Magharibi. Mfano: saa 12:30 jioni.
ii. Andika wakati wa Alfajiri ya kesho. Mfano: saa 11:00.
iii. Tafuta urefu wa usiku. Kutoka saa 12:30 mpaka saa 11:00 ni saa 10 na dakika 30, yaani dakika 630.
iv. Gawa kwa 3. Unapata dakika 210, yaani saa 3 na dakika 30.
v. Toa jawabu hilo katika wakati wa Alfajiri. Saa 11:00 ukitoa saa 3:30 unapata saa 7:30 usiku.

Katika mfano huu theluthi ya mwisho inaanza saa 7:30 usiku na kumalizika saa 11:00 alfajiri. Pwani ya Afrika Mashariki, karibu na ikweta, nyakati hubadilika polepole, kwa hiyo kukokotoa mara moja kwa mwezi kunatosha. Anayeishi London au mji mwingine wa kaskazini akokotoe kila wiki, maana huko usiku wa Juni ni mfupi mno na wa Desemba ni mrefu mno.

*Hakiki:* Jumlisha theluthi tatu kuanzia Magharibi: saa 12:30, saa 4:00, saa 7:30, saa 11:00. Namba ya mwisho isipolingana na Alfajiri ya ratiba, rudia hesabu.

Hatua ya 5. Panga usiku kabla ya kulala.

Kazi yote ya usiku katika mwongozo huu ni dakika 45: kuamka na udhu 10, rakaa mbili fupi 5, rakaa mbili ndefu 10, witri 10, dua na istighfari 10. Ongeza dakika 15 za akiba kabla ya adhana. Kwa mfano wetu, tega kengele saa 10:00 alfajiri. Wakati huo umo ndani ya theluthi ya mwisho.

Baada ya swala ya Isha fanya haya kwa mfululizo:

i. Zima mazungumzo yasiyo na haja. Mtume (S.A.W.) alichukia soga baada ya Isha.
ii. Jaza kopo la maji, lifunike, uliweke bafuni.
iii. Tandika mswala kuelekea kibla sasa hivi, usingoje kuutafuta gizani.
iv. Weka simu mbali na kitanda, mahali usipoweza kuifikia bila kusimama.
v. Weka nia ya kuamka. Mwenye kunuia kusimama usiku kisha usingizi ukamzidi huandikiwa alichonuia, kama ilivyopokewa na Nasai na Ibn Majah.
vi. Lala ukiwa na udhu, si baada ya saa 4:00 usiku, ili upate saa 6 za usingizi.

Ukijijua kuwa na usingizi mzito kiasi cha kuogopa kwamba hutaamka, swali witri kabla ya kulala. Ukiamka, utaswali rakaa zako mbili mbili na hutarudia witri, kwani witri haiswaliwi mara mbili katika usiku mmoja.

*Hakiki:* Maji yapo, mswala upo, kengele imetegwa, na uamuzi kuhusu witri umefanywa.

SEHEMU YA PILI: USIKU

Hatua ya 6. Amka na utaje jina la Mwenyezi Mungu.

Kengele inapolia, kaa kitako, pangusa usingizi usoni kwa mkono, kisha mtaje Mola kabla ya kushika kitu kingine. Usifungue ujumbe wowote. Hadithi ya Bukhari na Muslim inaeleza kwamba shetani hufunga mafundo matatu kisogoni mwa aliyelala: la kwanza hufunguka kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, la pili kwa udhu, la tatu kwa swala. Hatua ya 6, ya 7 na ya 8 zinafuata mpangilio huo huo.

*Hakiki:* Umesimama kwa miguu yako, na simu imezimwa kengele bila kusomwa.

Hatua ya 7. Piga mswaki, kisha tawadha.

Mtume (S.A.W.) alipoamka usiku alisafisha kinywa chake kwa mswaki. Fanya hivyo kwanza, ndipo utawadhe. Mimina maji kidogo kidogo. Usikimbize viungo: uso wote, mikono mpaka viwiko vipite, kichwa, miguu mpaka vifundo vipite.

*Hakiki:* Hakuna sehemu kavu kwenye visigino na viwiko. Papasa kwa mkono uone kama kuna ukavu. Ukiwepo, osha hapo na viungo vinavyofuata.

Hatua ya 8. Swali rakaa mbili fupi.

Nuia swala ya sunna ya usiku. Soma Al-Fatiha na Al-Kafirun katika rakaa ya kwanza, Al-Fatiha na Al-Ikhlas katika ya pili. Toa salamu. Kazi ya rakaa hizi ni kuuamsha mwili, kwa hiyo usizirefushe.

*Hakiki:* Kama bado unasinzia kiasi cha kuchanganya maneno, rudi ulale. Huo si udhaifu wa imani: Mtume (S.A.W.) alimwagiza anayesinzia ndani ya swala alale mpaka usingizi umwishe, asije akajiapiza badala ya kujiombea.

Hatua ya 9. Swali rakaa mbili ndefu.

Swala ya usiku huswaliwa mbili mbili. Soma sura unazozijua vizuri. Kwa mwenye dhiki zinafaa Adh-Dhuha, yenye aya 11, katika rakaa ya kwanza, na Al-Inshirah, yenye aya 8, katika ya pili. Katika Al-Inshirah, aya ya 5 na ya 6 zinatoa ahadi ileile mara mbili: wepesi umo pamoja na uzito. Isome tafsiri mchana, ili usiku usiwe unatamka usichokielewa.

Refusha sijda. Leta tasbihi mara tatu, kisha baki hapo. Muslim amepokea kwamba mja huwa karibu mno na Mola wake akiwa amesujudu, na kwamba anahimizwa kuzidisha dua humo. Maulamaa wanahitilafiana kuhusu kuomba kwa lugha isiyo ya Kiarabu ndani ya swala. Mwongozo huu unashika njia ya tahadhari: ndani ya sijda tumia dua za Kiarabu zilizopokewa ambazo umezihifadhi, na haja yako ihudhurishe moyoni. Kiswahili chako kina nafasi yake katika Hatua ya 11.

*Hakiki:* Sijda ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Hatua ya 10. Funga kwa witri.

Kama hukuswali witri kabla ya kulala, swali rakaa mbili, toa salamu, kisha swali rakaa moja. Katika tatu hizo soma Al-Aala, Al-Kafirun na Al-Ikhlas kwa mpangilio huo. Muda ukiwa umebana, rakaa moja inatosha.

*Hakiki:* Jumla ya rakaa ni 7, au 5 kwa aliyeswali witri ya rakaa moja. Usianze usiku wa kwanza kwa wingi usiouweza. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuzidisha 11, na kwamba amali ipendezayo zaidi ni ya kudumu hata ikiwa chache.

Hatua ya 11. Omba haja yako kwa mpangilio wa sehemu sita.

Kaa kwenye mswala, elekea kibla, inua mikono. Mtume (S.A.W.) alimsikia mtu akiomba bila kumsifu Mwenyezi Mungu wala kumsalia Mtume, akasema kwamba amefanya haraka. Kwa hiyo usianze na haja.

a) Msifu Mola kwa majina yanayohusu haja yako: Ar-Razzaq kwa riziki, Ash-Shafi kwa maradhi.

b) Msalie Mtume.

c) Kiri makosa yako. Fungua Al-Anbiyaa, aya ya 87, dua ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Ina vipande vitatu: kumpwekesha Mwenyezi Mungu, kumtakasa, na kukiri kosa. Haitaji hata neno la kutaka kuokolewa, na aya ya 88 inaeleza kwamba aliokolewa.

d) Taja haja kwa Kiswahili, ukitumia sentensi ileile ya Hatua ya 1, na kiasi chake na tarehe yake. Mola anaijua kabla hujaitamka. Unayehitaji kuacha kuizungukazunguka ni wewe. Kisha soma safu ya kulia, jambo moja moja, na kila moja limkabidhi. Usiongeze "kama utapenda": hadithi ya Bukhari na Muslim imekataza kuomba kwa sharti hilo na ikaamrisha kuazimia, kwa kuwa hakuna wa kumlazimisha Mwenyezi Mungu. Ukilia, lia. Ukikosa machozi, endelea.

e) Ombea mtu mwingine mwenye dhiki kama yako, kwa jina lake. Anayemwombea nduguye nyuma ya mgongo wake, malaika huitikia amin na kumwombea naye mfano wa hayo.

f) Funga kwa kumsalia Mtume na kuitikia amin.

*Hakiki:* Sehemu sita zimetimia kwa mpangilio, na haja imetajwa bila sharti.

Hatua ya 12. Leta istighfari mara 70, kisha swali Alfajiri kwa wakati.

Hesabu kwa vidole au tasbihi. Sura Adh-Dhariyat, aya ya 18, inawasifu wanaoomba maghufira nyakati za kabla ya alfajiri. Adhana ikilia, simama kwa swala ya faradhi, na mwanamume aende msikitini akiweza.

*Hakiki:* Umeswali Alfajiri ndani ya wakati. Ikiwa tahajudi imekufanya ulale mpaka jua likachomoza, umeuza faradhi kununua sunna. Usiku unaofuata punguza rakaa na ulale mapema zaidi.

SEHEMU YA TATU: MCHANA NA HESABU

Hatua ya 13. Tekeleza sababu moja kabla ya Adhuhuri.

Chagua jambo moja katika safu ya kushoto. Lifanye, ulikate mstari. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia huru na kutawakali, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Deni: nenda kwa mwenye nyumba kabla hajagonga mlango, peleka hata Sh. 20,000 uliyo nayo, na uchukue risiti. Ugonjwa: nenda kliniki siku yake. Dua haiondoi dawa, na dawa haiondoi dua.

Soma Al-Qasas, aya ya 23 mpaka ya 27. Nabii Musa alifika Madyan bila nyumba, bila kazi, bila mwenyeji. Aliwatekea maji wasichana wawili kwanza, akarudi kivulini, ndipo akaomba. Mmoja wao akaja kumwita, na mwisho wake akapata kazi, makazi na mke. Aliomba mikono yake ikiwa imeshatoka kazini.

*Hakiki:* Mstari mmoja umekatwa. Siku isiyokatwa mstari ina upungufu, hata kama usiku wake ulikuwa wa machozi.

Hatua ya 14. Andika hesabu ya usiku.

Chini ya ukurasa weka tarehe na alama: "N" kwa usiku uliosimama, "L" kwa usiku uliolala. Usiweke alama ya kujibiwa au kutojibiwa kila siku. Hadithi ya Bukhari na Muslim inasema mja hujibiwa maadamu hana haraka, na haraka imefafanuliwa humo humo: kusema kwamba ameomba na hakujibiwa.

Siku ya Ijumaa, baada ya Alasiri, pitia ukurasa. Tumia hadithi aliyoipokea Ahmad kutoka kwa Abu Said Al-Khudri: dua isiyo ya dhambi wala ya kukata undugu ina majibu ya aina tatu. Hupewa mja alichoomba, au huwekewa Akhera, au huondolewa shari ya kiasi hicho. Aina ya kwanza utaiona. Ya pili na ya tatu hutaziona, kwa hiyo usiandike kamwe "sikujibiwa". Andika "naendelea".

Mwongozo huu hauweki idadi ya siku. Anayekuahidi kwamba haja itatimia baada ya siku saba ukimtumia pesa kwanza anafanya biashara. Usimtumie.

*Hakiki:* "N" za wiki hii zisipungue za wiki iliyopita. Zikipungua, tafuta chanzo katika Hatua ya 5 kabla ya kujilaumu kwa imani haba. Mara nyingi chanzo ni saa ya kulala.

HITILAFU NA MAREKEBISHO

- Umepitiwa na usingizi. Swali au soma kiasi chako kati ya Alfajiri na Adhuhuri, ukiepuka wakati wa jua kuchomoza. Muslim amepokea kwamba huandikiwa kama aliyekisoma usiku.
- Uko katika hedhi au nifasi. Hakuna swala. Fanya Hatua ya 6, ya 11 na istighfari ya Hatua ya 12. Andika "N".
- Unaumwa. Swali umekaa, na usipoweza, ubavuni.
- Hakuna maji, au yanakudhuru. Tayamamu kwa udongo safi.
- Kazi yako ni ya zamu ya usiku, kama mlinzi au muuguzi. Swali swala ya usiku wakati wa mapumziko, hata kama hukulala, na ukipata nafasi iwe ndani ya theluthi ya mwisho.
- Moyo ni mkavu, husikii chochote. Usibadilishe kitu. Rudia hatua zote usiku unaofuata. Mwongozo huu ulikwisha kufafanua yakini kuwa ni kurudi.
- Unawaza kujidhuru. Usingoje usiku. Mwambie leo mtu wa nyumbani na umwone daktari. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza katika safu yako ya kushoto, na inatangulia nyingine zote.

Hatua ya 15. Endelea baada ya faraja.

Haja ikitimia, fanya mambo matatu siku hiyo hiyo. Sujudu sijda moja ya shukrani. Andika tarehe chini ya ukurasa. Timiza ulichoahidi, kama ulimwahidi mtu kumlipa au kumsaidia. Kisha usirudishe kengele mahali ilipokuwa zamani. Tirmidhi amepokea kwamba anayependa kujibiwa wakati wa shida azidishe dua wakati wa raha. Baki na rakaa mbili na witri ya rakaa moja, usiku unaouweza katika wiki.

*Hakiki:* Mwezi mmoja baada ya faraja, daftari bado lina alama za "N". Kama zipo, ulikuwa unamtafuta Mola. Kama zimekoma siku deni lilipolipwa, ulikuwa unatafuta Sh. 240,000. Rudi Hatua ya 4, kokotoa kwa ratiba ya mwezi mpya, na uanze tena.